Tumeshinda, Wamefungwa

LUGHA yetu ya Kiswahili ina viambishi viwili vidogo ambavyo humpima shabiki wa mpira kuliko jezi anayoivaa. Cha kwanza ni "tu", cha pili ni "wa". Timu ikishinda, shabiki husema: tumeshinda, tumewachapa, tunaongoza. Timu hiyo hiyo ikipoteza mchezo unaofuata, kwa wachezaji wale wale na kocha yule yule, utamsikia akisema: wamefungwa, wamecheza ovyo, wametuaibisha. Hakuna aliyemfundisha kubadili neno. Ulimi umejitoa wenyewe katika timu, mfano wa mtu anayetoka kimya kimya kikaoni pale daftari la michango linapoanza kuzungushwa.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, la kuchekesha tu. Lakini ukilitazama katika viwanja vya vyuo vya wilaya zetu za Tarime na Serengeti, utaona kwamba lina uzito. Wanaocheza huko si watu wa mshahara wala wa mikataba. Ni vijana wa stashahada na astashahada, wengi wao wana umri wa miaka 18 hadi 23, waliotoka darasani saa 9 alasiri na watakaorudi darasani kesho yake asubuhi. Wanaowashangilia na wanaowazomea ni wenzao wa bweni, wa meza moja ya chakula na, kwa walio Waislamu, wa safu moja ya swala. Neno linalotoka pembeni mwa uwanja haliishi uwanjani. Hurudi nao bwenini.

Walichokiona wataalamu

Mwaka 1976, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Robert Cialdini, pamoja na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hili. Waliufanya katika vyuo vikuu 7 vya nchi hiyo, ambako timu za vyuo za mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa zaidi kwa mikono, hupendwa mno. Kila Jumatatu ya msimu walihesabu darasani wanafunzi waliovaa nguo zenye jina au nembo ya chuo chao. Wakakuta kwamba Jumatatu iliyofuata ushindi nguo hizo huongezeka, na Jumatatu iliyofuata kushindwa hupungua. Chuo ni kile kile, na nguo zimo kabatini mle mle. Kilichobadilika ni matokeo ya mwisho wa wiki.

Kisha wakawapigia simu wanafunzi na kuwauliza habari za michezo ya timu yao. Waliokuwa wakisimulia ushindi walielekea zaidi kusema "sisi", na waliokuwa wakisimulia kushindwa walielekea kuliepuka neno hilo. Lililo muhimu zaidi ni hili: kabla ya swali hilo, wanafunzi walikuwa wameulizwa maswali ya kupima ujuzi, kisha baadhi wakaambiwa kwamba wamefanya vibaya na wengine kwamba wamefanya vizuri. Walioambiwa wamefanya vibaya ndio walioonesha zaidi tofauti hiyo. Yaani mtu aliyejeruhiwa heshima yake ndiye aliyehitaji zaidi kujifunika kwa ushindi wa wengine, na ndiye aliyekimbia zaidi pale wengine waliposhindwa.

Hapo ndipo penye somo kwetu. Shabiki anayemtukana kijana uwanjani mara nyingi hasemi habari za kijana yule. Anasema habari za siku yake mwenyewe: ada ambayo haijalipwa, mtihani uliomwendea kombo, au mkeka wa kubashiri uliochanika jana usiku. Timu aliitegemea impe furaha ambayo hakuipata kwingine. Ilipokosa kumpa, akaidai kwa matusi kama mtu anayedai deni.

Mara yetu na timu yetu

Hatuhitaji kwenda Marekani kuliona jambo hili. Sisi wa Mkoa wa Mara tulikuwa na Biashara United, timu ya Musoma. Ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2018, Uwanja wa Karume ukawa kivutio cha mkoa mzima. Mashabiki wa Tarime walivuka Daraja la Kirumi, na wa Serengeti wakaja kwa njia ya Natta na Butiama. Msimu wa 2020/21 timu ilimaliza ligi katika nafasi ya 4, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaivuka FC Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021, jijini Dar es Salaam, ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2 kwa 0. Katika siku hizo hapakuwa na mtu wa Mara aliyetumia kiambishi cha "wa". Kila mahali ilikuwa ni "tu": tumeingia Afrika, tumewafunga Waarabu wa Libya, tunakwenda kumaliza kazi.

Kazi haikumalizika. Kwa matatizo ya safari, timu haikufika Libya kwa mchezo wa marudiano, nayo ikatolewa mashindanoni bila mpira kupigwa. Mwisho wa msimu huo huo, mwaka 2022, ikashuka daraja. Ndipo lugha ilipogeuka. Walioingia Afrika tulikuwa sisi. Walioshuka daraja walikuwa wao. Kijana wa miaka 10 aliyekuwa akisikiliza mazungumzo ya wakubwa wake katika miaka ile alijifunza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyeliandika ubaoni: kwamba kundi ni letu likiwa juu, na likianguka linakuwa la wengine.

Ukitaka kuona hatari ya kuhukumu mapema, kumbuka Oktoba 20, 2013. Siku hiyo Yanga na Simba zilikutana katika Uwanja wa Taifa, na hadi mapumziko Yanga ilikuwa mbele kwa mabao 3 kwa 0. Katika vibanda vingi vya kuoneshea mpira, shabiki wa Simba alikwisha kutoa hukumu yake: timu imekufa, kocha hafai, fulani na fulani wafukuzwe. Kipindi cha pili Simba ikarudisha mabao yote 3, mchezo ukaisha kwa sare. Kumbuka pia mwanzo wa mwaka 2019, Simba ilipofungwa mabao 5 kwa 0 jijini Kinshasa na AS Vita, kisha mabao 5 kwa 0 nchini Misri na Al Ahly. Timu iliyokwisha kuzikwa kwa maneno iliifunga Al Ahly hapa nyumbani bao 1 kwa 0, ikaifunga na AS Vita 2 kwa 1, ikaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Sisemi kwamba kila anayefungwa atarudisha. Wengi hufungwa na mambo yakaishia hapo. Nasema kwamba anayetoa hukumu katika dakika ya 30 anahukumu kesi ambayo mashahidi wake bado hawajasimama.

Mlinda mlango mmoja wa Tarime

Msimu wa kiangazi uliopita nilihudhuria mchezo wa kirafiki baina ya vyuo viwili mjini Tarime. Sitavitaja, kwa kuwa jambo lililotokea laweza kutokea katika chuo chochote. Nilikwenda na vijana wachache wa msikiti wetu, kwani mlinda mlango wa chuo mwenyeji ni kijana tunayeswali naye Ijumaa.

Uwanja ulikuwa umezungushiwa kamba ya katani. Nyuma yake walijipanga wanachuo, wauza miwa na karanga, na madereva wa bodaboda waliokaa juu ya pikipiki zao ili waone vizuri. Ngoma na filimbi zilianza kabla ya wachezaji kutoka. Wenyeji waliimba jina la chuo chao mpaka kuku wa jirani wakahama.

Katika dakika 20 za mwanzo wageni walipata mabao 2. La kwanza lilikuwa shuti ambalo mlinda mlango yeyote angelikosa. La pili lilikuwa kosa lake: alitoka golini, akasita njiani, na mpira ukapita juu ya kichwa chake. Ngoma zikanyamaza. Kisha nikaisikia sauti ya kwanza: "Galasa! Mtoeni galasa huyo!" Asiyeyajua maneno ya viwanjani na afahamu kwamba galasa ni karata isiyo na thamani, ile unayoitupa. Sauti ya pili ikaitikia, ikaja ya tatu. Wageni walipopigiana pasi, wenyeji wakaanza kuwahesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, wakiwashangilia wapinzani ili kuwakomoa ndugu zao. Wakati wa mapumziko, karibu nusu ya walioketi nyuma ya goli la wenyeji walihamia upande wa pili.

Kipindi cha pili wageni wakapewa penalti. Kijana yule akaidaka. Dakika chache baadaye wenzake wakapata bao, mchezo ukawa 2 kwa 1. Lau ungewaona waliohama! Walirudi mbio, wengine wakiruka kamba, wakipiga kelele: "Tumedaka! Tumerudi mchezoni!" Kiambishi cha "tu" kilikuwa kimerejea, bila kuomba radhi na bila hata kuona haya. Mchezo uliisha kwa matokeo hayo hayo ya 2 kwa 1. Kipenga kilipolia, "tu" ikaondoka tena.

Baada ya swala ya Magharibi nilizungumza na kijana. Nilidhani atanieleza habari za penalti. Hakuitaja. Alinieleza kwamba mtu akiwa golini huzitambua sauti, kwa kuwa hana la kufanya ila kusikiliza wakati mpira uko mbali. Aliyeanza kumwita galasa alikuwa anamfahamu: ni kijana wanayelala naye chumba kimoja, ambaye asubuhi ya siku ile walikuwa wamekunywa uji wa pamoja. Hadi ninapoandika haya, hajarudi golini. Anahudhuria masomo na anaswali nasi, lakini jezi ameirudisha kwa mwalimu wa michezo. Kosa lake la dakika ya 20 alikwisha kulisahau. Neno la mwenzake hajalisahau.

Sauti ya pembeni ina uzito

Baadhi ya watu husema: hayo ni maneno ya uwanjani tu, mchezaji wa kweli hayasikii. Ushahidi hausemi hivyo. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio walilowafanyia waamuzi 40. Waliwaonesha mkanda wa matukio 47 ya wachezaji kugombea mpira. Kundi moja liliutazama mkanda huo ukiwa na kelele za mashabiki, kundi la pili likautazama bila sauti. Walioskia kelele waliiadhibu timu mwenyeji mara chache zaidi, kwa takriban asilimia 15, kuliko wale waliotazama kimya. Ikiwa mwamuzi aliyesomea kazi yake huyumbishwa na kelele za mkanda, itakuwaje kwa kijana wa miaka 20 anayezisikia kelele hizo moja kwa moja, kwa jina lake, kutoka vinywani mwa watu anaowajua?

Utafiti mwingine, wa mwaka 2007, ulipitia penalti 286 za ligi kubwa na mashindano makubwa. Walinda mlango waliruka kushoto au kulia katika zaidi ya penalti 9 kati ya kila 10, ilhali karibu penalti 3 kati ya kila 10 zilipigwa katikati. Lau wangesimama mahali pao mara nyingi zaidi, wangeokoa mipira mingi zaidi. Kwa nini basi huruka? Watafiti walieleza kwamba mlinda mlango aliyeruka na kukosa huonekana amejitahidi, lakini aliyesimama na kukosa huona kwamba amezembea, na bao hilo humuuma zaidi. Anachagua lile linaloonekana kuwa juhudi, hata kama silo lililo bora. Wapo wengi miongoni mwetu wanaoishi hivyo hivyo, wakiruka huku na huku kwa kuogopa macho ya watu, na tumewafundisha sisi wenyewe kwa ndimi zetu.

Siku wapiga mishale walipoacha kupiga

Uzito huu wa sauti ya pembeni haukusubiri maabara. Bukhari amepokea habari ya watu wa kabila la Aslam waliokuwa wakishindana kutupa mishale. Mtume (s.a.w.) alipowapitia, aliwatia moyo, akawakumbusha kwamba babu yao Ismail alikuwa mpiga mishale, kisha akatangaza kuwa yeye yuko pamoja na kundi mojawapo. Kundi la pili likaacha kutupa. Alipowauliza sababu, wakajibu kwamba hawawezi kuendelea ilhali yeye yuko upande wa wenzao. Ndipo alipowaamuru waendelee, akawaambia kwamba yuko pamoja nao wote.

Tafakari habari hii, ndugu msomaji. Hakuna aliyetukanwa. Hakuna aliyezomewa. Neno jema kwa upande mmoja lilitosha kuishusha mikono ya upande wa pili, kwa kuwa lilitoka kwa wanayempenda. Mtume (s.a.w.) hakuwalaumu kwa udhaifu wala hakuwaambia wajikaze. Alilirekebisha neno. Sasa pima: ikiwa mikono hushuka kwa neno jema lililoelekezwa kwa wenzao, hushuka kiasi gani kwa neno baya lililoelekezwa kwao wenyewe, kutoka kwa watu wao wenyewe?

"Tu" iliyo pana kuliko ukoo

Katika wilaya zetu jambo hili lina uzito wa ziada. Tarime ina koo nyingi: Wairegi, Wanchari, Wanyabasi, Watimbaru, Wanyamongo na nyinginezo. Serengeti ina Wangoreme, Waikoma, Wanata na wengine. Kila ukoo una historia yake na fahari yake, na hilo si baya. Lakini sote tunajua ni nini kilichotupata pale "tu" ya ukoo ilipogeuzwa kuwa silaha dhidi ya "wa" wa ukoo wa pili. Mapigano ya koo na wizi wa mifugo vilichangia kuifanya serikali iunde mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya. Mara nyingi mapigano yale yalitanguliwa na maneno: kejeli ya mnadani, wimbo wa dhihaka, tusi moja lililobebwa kutoka kijiji hadi kijiji.

Sasa itazame timu ya chuo. Beki wake ni Mkurya wa Nyamongo, kiungo ni Mngoreme, mshambuliaji ni Msukuma aliyetoka Bariadi, mlinda mlango ni Mjita wa Majita. Mwislamu na Mkristo huvaa jezi moja. Kwa dakika 90 kijana aliyelelewa kusema "sisi" kwa maana ya ukoo wake anajifunza kusema "sisi" kwa maana ya watu ambao hana damu nao. Hakuna semina ya amani inayolifundisha jambo hili kwa ufasaha kuliko mpira. Hiyo ndiyo hazina iliyoko mikononi mwa mashabiki. Na kila wanapoivunja "tu" hiyo katika dakika ya 20 kwa sababu ya mabao 2, wanawafundisha vijana kwamba umoja wa wasio na damu moja ni wa msimu wa jua tu, na kwamba ikinyesha mvua kila mtu arudi kwa ukoo wake.

Surat Al-Hujurat, katika aya ya 11, inawakataza watu kuwadharau watu wengine, na inaeleza kuwa huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau. Inakataza pia kuitana kwa majina mabaya. Aya mbili baadaye, sura hiyo hiyo inataja kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Mpangilio huo una hekima kwetu: kabila halidhuru mpaka ulimi uliharibu.

Ngamia aliyeshindwa

Je, basi tusisikitike timu ikifungwa? La. Kusikitika ni sehemu ya kupenda, na hata watu bora wa umma huu walisikitika kwa jambo la mchezo. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Al-Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi katika mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana, akamshinda. Jambo hilo likawa zito kwa Waislamu, hata likaonekana nyusoni mwao. Mtume (s.a.w.) alipoliona hilo, aliwafahamisha kwamba ni haki ya Allah kuwa hakuna kitu kinachoinuka katika dunia ila hukishusha.

Katika habari hii yamo mambo matatu ya kumfaa shabiki. Kwanza, huzuni yao haikukemewa. Pili, hakuna aliyemlaumu ngamia, wala aliyempanda, wala aliyedai kwamba bedui amefanya hila. Tatu, walielezwa kwamba kushuka ni kanuni ya kila kilichopanda. Anayeijua kanuni hiyo hashituki Biashara United ikishuka, wala hajivuni kupita kiasi siku Al Ahli Tripoli inapofungwa.

Tufanye nini?

Kwa shabiki aliye uwanjani, nashauri kanuni moja niliyoikuta Mugumu, kwa mwalimu mmoja wa michezo. Kwake, mwanachuo anayekaa nyuma ya goli la timu yao hahami mpaka kipenga cha mwisho. Kuondoka nyumbani na kutokwenda uwanjani ni hiari yako, husema, lakini ukishakaa nyuma ya mlinda mlango wetu wewe ni beki wa tano, na beki hahami kwa kuwa tumefungwa.

Kwa mwenye kutaka kukosoa, kukosoa hakukatazwi. Lakini kuna tofauti kati ya kutaja kitendo na kumtaja mtu. "Usisite ukishatoka golini" ni nasaha, na huweza kumfaa. "Galasa" si nasaha, kwa kuwa hakuna mazoezi yanayomtoa mtu kwenye ugalasa. Nasaha ina wakati wake pia: baada ya mchezo, faraghani, kutoka kwa anayeujua mpira. Wapiga kelele 300 hawawezi kuwa makocha wa mtu mmoja.

Kwa aliyeweka pesa juu ya mchezo, nasema kwa ufupi. Mbali na kwamba kamari ni haramu, inaharibu jicho lako. Kijana aliyekosa penalti humuoni tena kama ndugu aliyekosea. Unamuona kama mwizi wa pesa zako, na ulimi wako unamtendea kama mwizi.

Kwa wazazi, kazi inaanzia sebuleni. Siku ya Simba na Yanga, watoto hawatazami runinga peke yake. Wanamtazama baba, wanamtazama kaka. Baba anayepiga meza na kumwita mchezaji mjinga, kisha kesho akamtaka mwanawe asiwaite wenzake wajinga, anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Jaribuni jambo jepesi: mtoto akisema "wamefungwa", mrekebisheni kwa upole, mwambieni, "Sema tumefungwa." Mwacheni aionje huzuni hiyo akiwa ndani ya timu. Aliyejifunza akiwa mdogo kubaki na timu iliyofungwa mabao 3 hatashindwa kubaki, akiwa mtu mzima, na rafiki aliyefukuzwa kazi, na ndugu aliyefilisika, na mke aliyepatwa na maradhi.

Na kwa wanachuo wetu, Waislamu na wasio Waislamu: ikiwa katika bweni lenu yupo mchezaji aliyerudisha jezi baada ya siku mbaya, usiku wa leo si mapema mno kumgongea mlango. Msimpelekee hotuba. Mketi naye, mnywe chai, na mtakapofika kwenye habari za mchezo ule, semeni: tulifungwa. Ni neno fupi, halina gharama, na huenda likamrudisha kijana golini.